Barua Kwanza, Riwaya Baadaye

Tarehe 29 Januari 1951, mwandishi wa Marekani John Steinbeck alifungua daftari kubwa alilopewa na mhariri wake, Pascal Covici, akashika penseli na kumwandikia barua. Riwaya aliyoiwaza kwa miaka ilikuwa bado haijaanza. Tangu hapo huo ukawa utaratibu wake: ukurasa wa kushoto barua, wa kulia riwaya. Novemba mwaka huo, rasimu ya East of Eden ilipokamilika, mkononi alikuwa na vitabu viwili. Riwaya ilitoka 1952. Barua zilichapishwa 1969, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Anayezisoma akitarajia falsafa nzito atashangaa. Steinbeck analalamikia penseli, anataja sugu ya kidoleni, anazungumzia wanawe na usingizi uliomkimbia. Kisha, katikati ya soga hilo, anamweleza Covici sura ya leo itafanya nini na mhusika fulani anamsumbua wapi. Mkono umeshapata moto. Anavuka kwenda ukurasa wa kulia.

Faida ya kupasha mkono iko wazi. Kubwa zaidi ni kwamba barua ina msomaji mmoja, mwenye jina. Mwandishi anayewaza "wasomaji" kwa jumla huanza kuongea kama mgeni rasmi jukwaani: sentensi ndefu, maneno makubwa, hakuna anayetikisika. Akimwandikia dada yake, hana haja ya kujikweza, maana dada anamfahamu. Steinbeck alilijua hilo. Mwanzoni alisema riwaya hiyo anawaandikia wanawe wawili, ambao wakati huo mmoja alikuwa na miaka sita na mwingine minne.

Kwetu mfano upo karibu zaidi. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi vituo mbalimbali vya Tanganyika, Pangani na Mpwapwa vikiwemo, alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa zaidi ya robo karne. Zimekusanywa katika kitabu Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Msomaji aliyezoea tenzi na hadithi zake hukutana humo na Shaaban mwingine, kaka mtu, mwenye shughuli za ukoo na kazi. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba barua ndizo zilizomfanya mshairi. Lakini mtu aliyezoea kumweleza nduguye wa mbali jambo hadi likaeleweka alikuwa akifanya zoezi lilelile linalotakiwa na nathari.

Aliye mbali hajaona. Hapo ndipo barua inapombana mwandishi. Hawezi kusema "ile nyumba" bila kusema ni ipi, wala "mama amebadilika" bila kuonyesha kwamba siku hizi chai yake anainywa peke yake uani. Mariama Bâ wa Senegali aliijenga riwaya nzima juu ya hali hiyo: katika Barua Ndefu Kama Hii, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, Ramatoulaye, akiwa eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou.

Kwa nini kalamu, wakati simu ipo? Watafiti wa Trondheim, Norwei, walichapisha mwaka 2024 matokeo ya kupima ubongo wa wanafunzi 36 wa chuo kikuu: walipoandika maneno kwa mkono, sehemu za ubongo ziliwasiliana kwa upana zaidi kuliko walipobonyeza vitufe. Wasiopenda kompyuta wasishangilie mapema. Wanafunzi hao walitumia kalamu ya kidijitali juu ya skrini, na hakuna aliyeombwa kutunga hadithi. Lenye uhakika ni jepesi zaidi: karatasi haina kitufe cha kufuta, haileti ujumbe wa kundi la harusi, na mkono ni wa polepole kiasi cha kuipa sentensi muda wa kuiva.

Anayetaka kujaribu achague mtu mmoja halisi, amweleze tukio moja. Salamu ziwe fupi. Waliofundishwa barua ya kirafiki shuleni wanajua jinsi "madhumuni ya barua hii" yanavyoweza kumaliza nusu ukurasa kabla habari yenyewe haijaanza. Si lazima barua ipelekwe posta. Ikipelekwa, ipigwe picha kwanza, kwani si kila mwandishi ana ndugu wa kumtunzia karatasi kama Yusuf Ulenge.