Goti Lilimkatalia, Akawa Kocha
Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mjerumani Julian Nagelsmann alikuwa na umri wa miaka 20 jeraha la goti lilipomlazimu kuangika daluga, kabla hajasakata hata mechi moja ya ligi kuu. Kocha wake huko Augsburg, Thomas Tuchel, alimtuma akawapeleleze wapinzani. Kijana akainogewa kazi, akasomea sayansi ya michezo.

Februari 2016, akiwa na miaka 28, alikabidhiwa Hoffenheim iliyokodolewa macho na shoka la kushushwa daraja. Akainusuru. Mwaka wa 2022 akaipa Bayern Munich ubingwa.

Mzazi, mwanao akiumia uwanjani, usimwambie kandanda imekwisha. Muulize ameona nini mchezoni ambacho wenzake hawakukiona.