Rimu zang'aa huku mikono ikiungua

Msomaji, tuseme umefunga safari kutoka Nairobi kwenda nyumbani Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega, kuhudhuria harusi. Mvua imenyesha. Ukishaiacha lami na kushika barabara za vijijini, udongo unarukia magurudumu hadi huwezi kutambua rangi ya rimu. Kesho yake unalipeleka gari sokoni kwa vijana wanaoosha magari na pikipiki. Kijana anamwaga maji, anapitisha sabuni, kisha anaitazama rimu na kutikisa kichwa.

"Mkubwa, hii haitatoka kwa sabuni. Niongezee kidogo niipige dawa."

Nawe, kwa kuwa hutaki kufika kanisani na gari la aibu, unakubali. Kijana anachukua chupa ya soda yenye kitu kinachofanana na maji, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Anainyunyizia rimu, povu linapanda, na baada ya dakika moja chuma kinang'aa kama kimetoka dukani. Kitambaa amekishika kwa mkono mtupu, na miguuni ana slipa.

Je, ulimuuliza kilichomo ndani ya ile chupa? Aghalabu hata yeye hajui. Alimiminiwa kutoka kwenye mtungi wa mtu mwingine, akaambiwa tu kwamba ni kali na asiimalize haraka.

Uchafu wa rimu, kusema kweli, si matope pekee. Kila unapokanyaga breki, pedi husugua diski na vumbi jembamba la chuma huruka likiwa moto, likajibandika kwenye rimu pamoja na grisi na lami. Vumbi hilo likikaa wiki kadhaa huanza kushika kutu na kuwa gumu. Ndiyo maana sabuni huonekana imeshindwa, na ndipo watu hukimbilia "dawa".

Dawa zenyewe ni za namna nyingi. Ipo asidi ya betri, yaani asidi ya salfuriki, ambayo karibu theluthi moja ya uzito wake ni asidi halisi na iliyobaki ni maji. Hii hutoboa nguo na kuchoma ngozi, na aliyemwagikiwa hujua mapema kuwa ameumia. Ipo kostiki soda, ile ile inayotumiwa na wanaotengeneza sabuni nyumbani. Ikikugusa huhisi utelezi vidoleni, na wengi hudhani ni utelezi wa sabuni tu. Si kosa kudhani hivyo, ila sabuni hiyo inatengenezwa kwa mafuta ya ngozi yako mwenyewe! Ikiingia jichoni ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa sababu haisimami juu juu. Huendelea kupenya ndani ya jicho huku mtu akipangusa kwa shati na kusema itapoa.

Ziko pia dawa zinazogeuka zambarau zinapokutana na vumbi la chuma, na kunuka kama yai viza. Nyingi kati ya hizi si kali kama asidi, na kemikali yake ni ya jamii moja na ile inayotumiwa saluni kukunja nywele. Hata hivyo huwasha ngozi, na harufu yake si ya kuvutwa ndani ya gereji iliyofungwa.

Kuna moja, hata hivyo, ambayo ningependa uikumbuke hata ukisahau hizo nyingine.

Asidi isiyouma

Baadhi ya dawa za kiwandani za kung'arisha alumini na kuondoa kutu zina asidi ya haidrofloriki, au chumvi zake ambazo hufanya kazi sawa na asidi hiyo. Kwenye lebo utaona herufi HF, au jina refu ambalo ndani yake mna herufi "fluor". Husafisha rimu kwa namna ya ajabu, na hapo ndipo mtego ulipo.

Asidi nyingine zikikugusa unaruka. Hii, ikiwa imezimuliwa kwa maji, yaweza isikuume kabisa wakati huo. Ikiwa na nguvu ya chini ya asilimia 20, maumivu yanaweza kuchelewa hata saa 24. Kijana anaosha magari yake mchana kutwa, anakula chakula chake, anakwenda kulala. Usiku wa manane anaamka akilia kwa maumivu chini ya kucha, na akiutazama mkono hauoni umebabuka sana. Nyumbani wanaweza kudhani ni mdudu chini ya kucha, au hata mkono wa mtu.

Asidi hii hupita ngozi na kuingia ndani, na huko huitafuta madini ya kalsiamu, ambayo mwili huyahitaji kwa mifupa, mishipa ya fahamu na mapigo ya moyo. Huyanasa na kuyafanya yasiwe na kazi tena. Kidole kinaweza kufa. Ikiwa asidi ni kali au imemwagika mahali papana, kalsiamu ya damu hushuka na moyo ukavurugika. Kwa asidi iliyo kali, sehemu ya ngozi isiyozidi upana wa viganja vichache yatosha kumuua mtu.

Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza yaliyotokea katika jimbo la Washington pekee. Kati ya 2001 na 2013, wafanyakazi 48 waliunguzwa na asidi hii katika kazi za kuosha magari na malori. Saba walilazwa hospitalini, na wawili kati ya hao wakafanyiwa upasuaji. Mwoshaji mwingine wa malori alifariki baada ya kunywa dawa ya kuoshea iliyokuwa na asidi hiyo. Na hao ni watu wa nchi ambako dawa huuzwa ikiwa na lebo yake, wala si kwenye chupa ya soda.

Tiba yake ipo, na inafaa uijue kwa jina: kalsiamu glukonati. Huwa ni jeli ya asilimia 2.5 inayopakwa na kusuguliwa mahali palipoungua, na daktari anaweza kuidunga pia. Huenda usiipate jeli hiyo katika zahanati ya kijijini. Lakini dawa yenyewe, ile ya sindano, huwekwa katika wodi za akina mama wanaojifungua, kwa sababu ndiyo inayozimua dawa ya kifafa cha mimba inapozidi mwilini. Mhudumu wa afya anaweza kuichanganya na jeli ya kawaida ya hospitali akapata ya kupaka. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa Butere, au katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega, usiseme tu "ameungua na asidi". Sema inashukiwa kuwa ni HF, na uulize kalsiamu glukonati.

Maji kwanza

Lolote litakalomwagika, dawa ya kwanza ni maji, tena mengi na yanayotiririka. Vua nguo zilizolowa, pamoja na pete na saa, kisha mwagia maji kwa muda usiopungua dakika 15. Kama ni kostiki soda ya unga, pangusa unga wote mkavu kwanza ndipo umwage maji. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, hasa kwa mtu anayelia, na wengi huacha baada ya mbili. Tumia saa.

Jicho huoshwa vivyo hivyo, dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole na kichwa kikiwa kimeinamishwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika lile zima. Hapa kwetu kuna wanaokamulia maziwa ya mama jichoni, na wengine hupaka mafuta au dawa ya meno penye jeraha. Wanayafanya kwa nia njema, lakini yanapoteza dakika zile ambazo maji yangeokoa jicho. Wala usijaribu kuua asidi kwa kostiki, au kostiki kwa ndimu. Vikikutana juu ya ngozi hutoa joto na kuongeza kidonda. Baada ya kuosha, peleka mtu hospitalini hata akisema anaona vizuri. Kwa watu wa Khwisero, Hospitali ya Macho ya Sabatia iko katika kaunti jirani ya Vihiga.

Sasa turudi kwa kijana wetu kabla hajaumia. Glavu nyembamba za hospitalini hazitoshi kwa kazi hii, kwani hupasuka upesi, na tundu dogo kama la sindano huifungia asidi ndani pamoja na kidole. Zinazofaa ni glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, na zijazwe maji kabla ya kuvaliwa ili kuona kama zinavuja. Avae gambuti, suruali ikiwa nje ya gambuti ili kinachotiririka kisiingie ndani, na miwani iliyoziba pande zote. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa asidi. Kinachosaidia ni kufanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, na kupaka dawa kwa brashi badala ya kuipuliza kwa pampu, maana pampu huigeuza kuwa ukungu unaoingia mapafuni.

Gurudumu lipoe kwanza. Gari likiwa limetoka safari, diski huwa na moto wa kuchemsha dawa na kutoa mvuke papo hapo. Anayezimua asidi aitie asidi kidogo kidogo ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, kwa sababu huchemka na kumrukia usoni. Na jiki isiwe karibu. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza koo na mapafu.

Wenye vituo vya kuoshea magari wasijidai hawajui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeshika vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga, yakiwemo glavu, viatu na miwani. Kumwambia kijana "jinunulie" ni kuivunja. Na wanaopeleka magari hadi ukingoni mwa Mto Yala wakumbuke kwamba kuna watu na ng'ombe wanaokunywa maji hayo huko chini.

Lakini je, rimu yako yahitaji asidi kweli? Kama ni ya alumini, kostiki soda huila hadi ikabaki na mabaka, na asidi huondoa rangi ya juu inayoikinga, kisha uchafu ukashika haraka kuliko mwanzo. Loweka kwa maji ya sabuni dakika 10, sugua kwa brashi, suuza, urudie. Ukiosha magurudumu kila wiki, vumbi la breki halipati muda wa kukauka. Zile pesa za "kuongezea kidogo" mpe kijana huyo huyo, umwambie ni za kusugua. Atazichukua.

Mwisho ni hiyo chupa ya soda. Mtoto akiiona chini ya meza haoni asidi, anaona soda. Dawa ikae ndani ya chombo chake cha awali, chenye lebo, juu na chini ya kufuli. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa sababu itamchoma koo mara ya pili ikirudi. Usimlazimishe maziwa wala mafuta. Msuuze kinywa, pangusa midomo, kimbia hospitalini, na ubebe chupa hiyo pamoja nawe, ikiwa imefungwa vizuri, ili daktari ajue anapambana na nini.