Wakili Anaposema, "Nenda kwa Daktari wa Akili"

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja mtu mzima alinivuta kando chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Hakutaka wengine wasikie. Binti yake yuko Marekani na ameomba hifadhi ya ukimbizi huko. Usiku uliotangulia alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba wakili wake amempangia siku ya kuonana na daktari wa akili.

"Nesi, niambie kweli," akasema. "Mwanangu amerukwa na akili, ananificha?"

"Hapana, Mama. Hajarukwa na akili. Huenda hiyo ni habari njema."

Hakuniamini, wala simlaumu. Kwetu mtu akitajwa pamoja na daktari wa akili, mawazo ya watu yanakwenda moja kwa moja Mirembe. Nami nilikuwa hivyo hivyo, ingawa ni muuguzi, mpaka nilipokwenda kuishi Marekani miaka mitano mume wangu alipokuwa masomoni. Huko nilijitolea katika kanisa lililokuwa likiwasaidia wageni, nikawa mkalimani wa Kiswahili. Mara nyingi niliketi katika chumba kidogo kati ya mama aliyekimbia kwao na mtaalamu aliyetumwa na wakili amsikilize. Kwa kuwa wengi wetu siku hizi tuna binti, dada au mume ng'ambo, yafaa tujue kinachofanyika katika chumba kile.

Ushahidi wa mtu aliyekimbia usiku

Anayeomba hifadhi Marekani hana budi kuonyesha kwamba aliteswa, au ana hofu ya kweli ya kuteswa, kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini yake, utaifa wake, siasa zake, au kundi la jamii alilomo. Lakini je, mama aliyetoka nyumbani usiku akiwa na mtoto mgongoni atapata wapi karatasi za kuthibitisha? Waliombaka hawakumwachia stakabadhi. Mara nyingi ushahidi wake ni mdomo wake mwenyewe.

Na mdomo huo unaweza kumponza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 inamruhusu jaji kutilia shaka maneno ya mwombaji kwa sababu ya tofauti katika maelezo yake, hata kama tofauti hizo hazigusi kiini cha kesi. Sasa tuulizane sisi tuliofanya kazi wodini: mama aliyepoteza mtoto wakati wa kujifungua anakumbuka nini? Muulize alilazwa tarehe ngapi, hajui. Lakini atakueleza rangi ya pazia na harufu ya dawa iliyopigiwa deki asubuhi ile. Mtu aliyepatwa na kiwewe hukumbuka vipande vipande, na siku nyingine kipande hiki hutangulia kile. Jaji asiyejua hilo atadhani anadanganywa.

Hapo ndipo uchunguzi wa afya ya akili unapohitajika. Mtaalamu, ambaye aghalabu ni daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia au ofisa wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba, humsikiliza mwombaji, humpima, kisha huandika ripoti inayoeleza hali yake na sababu za yeye kusimulia jinsi anavyosimulia. Wengi hufuata mwongozo uitwao Itifaki ya Istanbul, uliokamilishwa mwaka 1999 na kupokelewa na Umoja wa Mataifa, kisha ukarekebishwa mwaka 2022. Kwa mwongozo huo, mtaalamu hasemi, "Mama huyu anasema kweli." Hiyo ni kazi ya jaji. Yeye husema dalili alizoziona zinalingana kiasi gani na masimulizi: hazilingani, zinalingana, zinalingana sana, ni za kawaida kwa aliyepatwa na jambo hilo, au hakuna sababu nyingine inayoweza kuzileta.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Maombi ya hifadhi hutakiwa kupelekwa kabla ya mwaka 1 kupita tangu mtu aingie Marekani. Mama mmoja niliyemfahamu alikaa karibu miaka 2 bila kumwambia mtu lolote, akifua na kupika kama mashine. Sheria inaruhusu udhuru, na mojawapo ni ugonjwa wa mwili au wa akili uliomzuia mtu, pamoja na athari za mateso yenyewe. Bila ripoti ya mtaalamu, ni nani angeueleza ukimya wa mama yule?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia kesi za miaka ya 2000 hadi 2004 ambazo waombaji walichunguzwa na madaktari wa kujitolea wa shirika la Physicians for Human Rights. Kati ya kila waombaji 100, 89 walipewa hifadhi, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 37.5. Tusichukulie kwamba ripoti pekee ndiyo iliyofanya yote, maana watu hao walikuwa wamesaidiwa na mawakili pia. Lakini tofauti hiyo si ndogo.

Mke aliyefungwa kwa karatasi

Uchunguzi huu si wa wakimbizi tu. Wako wanawake walioolewa na raia wa Marekani au wenye kibali cha kudumu, na mume akaigeuza hati ya uhamiaji kuwa kamba ya kumfungia mke. "Ukisema, nakurudisha kwenu." Tangu mwaka 1994 sheria inamruhusu mke wa namna hiyo kujiombea mwenyewe, bila mume kumsainia wala kujulishwa. Si lazima awe amevunjwa mkono, kwa maana sheria inatambua pia ukatili uliokithiri usioacha alama mwilini: kufungiwa ndani, kunyang'anywa simu, kutishiwa watoto. Alama zisizoonekana zinahitaji mtu anayejua kuzisoma.

Tena mara nyingine anayechunguzwa siye mgeni. Chini ya sheria ya mwaka 1996, mtu aliyekaa bila kibali kwa zaidi ya siku 180 akatoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na akiwa amekaa mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Anaweza kuomba asamehewe kizuizi hicho iwapo mume, mke au mzazi wake aliye raia au mwenye kibali cha kudumu atapata taabu iliyokithiri. Nakumbuka dereva mmoja wa malori, Mmarekani, mwili kama mlango, aliyemsindikiza mkewe na kuketi nje akisoma gazeti. Akaitwa yeye. Alidhani wamekosea jina! Alipoulizwa maisha yake yangekuwaje bila mkewe, alianza kwa mzaha, kisha tukamletea karatasi za kujifutia machozi.

Ndani ya chumba

Hakuna sindano wala kitanda. Kuna viti, maji ya kunywa, na mazungumzo ya saa 2 hadi 4, ambayo mara nyingine hugawanywa kwa siku mbili. Mtaalamu huanza mbali: utoto, shule, ndoa, watoto. Kisha huuliza yaliyotokea, na jinsi mtu anavyolala, anavyokula, kama hushtuka mlango ukigongwa, kama huwakwepa watu fulani au njia fulani. Ataulizwa pia kama amewahi kutamani kufa. Nimewaona akina mama wa kanisa wakikana haraka kwa kuogopa kuonekana hawana imani. Swali hilo lijibiwe kwa kweli, maana linahusu uhai wake. Hana alipoomba kwa uchungu midomo ikitikisika bila sauti, kuhani Eli alimdhania amelewa, mpaka alipojieleza.

Anaruhusiwa kupumzika, kulia, kutoka nje. Lakini ajue kwamba mtaalamu huyu hakuja kumtibu. Anaandika kwa ajili ya wakili, na wakili akiona inafaa ripoti itafika kwa jaji au ofisa. Jioni ya siku ile huwa ngumu. Mambo yaliyofukuliwa hayarudi kaburini upesi. Kanisani kwetu tulipanga zamu: mmoja anachukua watoto, mwingine anapeleka chakula na kukaa naye hadi alale.

Maneno yetu yakivushwa vibaya

Hapa nina uchungu kidogo. Mama mmoja kutoka Bukavu, kabla sijaanza kumsaidia, alikuwa amehojiwa kupitia mkalimani wa simu. Alisema, "Nina mawazo mengi." Ikaandikwa kwamba ana fikra nyingi, kana kwamba ni mvumbuzi! Sisi tunajua mama mwenye mawazo ni mama asiyelala. Vivyo hivyo moyo kuuma ukaandikwa kuwa maradhi ya moyo, akatumwa kupimwa kifua.

Saa nazo zina mtego wake. Ukisema walivunja mlango saa tatu usiku, yaani watu ndio wanamaliza kula, mkalimani asiye makini ataandika saa tatu ya Kizungu, usiku wa manane. Na jamaa zetu je? Leo umesema mama yako alikufa, kesho umesema mama yako ndiye anayekulelea watoto. Kwetu hakuna ajabu, mmoja ni mama mzazi na mwingine mama mdogo. Kwenye faili ni uongo.

Gumu kuliko yote ni tafsida. "Walinifanyia vibaya." "Walinichukua." Kila mwanamke wa kwetu anaelewa. Mzungu anasubiri neno lenyewe, na lisipotamkwa halimo katika ripoti. Nilijifunza kumwambia mtaalamu, "Neno hili lina maana mbili, naomba umuulize tena taratibu." Kwa sababu hiyo hiyo mkalimani asiwe mume, wala jirani, na kamwe asiwe mtoto wake. Mama gani atalisema neno lile mbele ya mwanawe?

Sisi tulio nyumbani

Tusiwakataze kwenda. Wala tusiwafundishe kuigiza wazimu, kama wanavyoshauri vijana wa mjini wanaouza hadithi za kuombea hifadhi. Wataalamu wana njia za kumtambua anayetia chumvi. Na sheria ni kali: aliyeonywa, kisha akapeleka kwa makusudi maombi ya hifadhi ya kughushi, anaweza kufungiwa milele manufaa ya uhamiaji ya nchi ile.

Tunachoweza ni kutafuta vielelezo. Kadi ya hospitali, fomu ya PF3 ya polisi, picha. Na barua ya mtu aliyemjua kabla na baada: alikuwa akiimba kwaya, tangu siku ile hakuweza kulala taa ikizimwa. Kila mmoja aandike aliyoyaona mwenyewe. Barua tano zenye maneno yaleyale humharibia. Gharama za uchunguzi zikimtisha, amuulize wakili kuhusu madaktari wa kujitolea. Wamo hata katika vyuo vya udaktari. Sheria za uhamiaji hubadilika mara kwa mara, hivyo asitegemee ushauri wa nani aliyepita mwaka juzi.

Mambo yaliyomfanya binti wa mama yule aondoke si yangu kuyaandika. Nilimweleza mama haya yote chini ya mwembe, naye akanyamaza kwa muda, akikunja na kukunjua pindo la kitenge.

"Na ile kadi aliyotibiwa siku ile," akauliza, "bado ina maana?"

"Unayo, Mama?"

Alifungua Biblia yake. Ilikuwa humo, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia lakini tarehe na muhuri vinasomeka. Jumatatu asubuhi tulikwenda wote dukani kuipiga picha na kumtumia bintiye.