MAELEZO KUHUSU KUPUNGUA NGUVU KWA MASHINE ZA BOTI NDOGO

Wananchi wanaosafiri kwa boti ndogo kati ya fukwe za Msasani, Kunduchi na Mbweni na visiwa vya Bongoyo na Mbudya, pamoja na wenzao wa upande wa Mjimwema na Kimbiji, wanakumbushwa kwamba mashine ya boti kwa kawaida haifi ghafla. Kwanza hupungua nguvu, na dalili zake husikika na kuonekana. Maelezo haya yanatolewa kwa wavuvi, kwa manahodha wa boti za abiria, na kwa watumishi wa Serikali ambao mara nyingine hukabidhiwa boti ya ofisi bila kufundishwa zaidi ya kuvuta kamba na kuzungusha mkono wa mafuta.

Jambo lenyewe si dogo. Mkondo wa bahari katika mwambao wetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi upepo nao husukuma upande huohuo. Boti iliyoishiwa nguvu nje ya Mbudya haitarudi Kunduchi yenyewe. Itachukuliwa kuelekea Bagamoyo. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kifuniko cha mashine, nahodha atie nanga ikiwa kina kinaruhusu, na ahakikishe kila aliyemo chomboni amevaa jaketi la kuokolea. Nanga itiwe penye mchanga, kwani Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na matumbawe yaliyovunjwa huchukua miaka mingi kuota tena. Fundi anayeshughulika na mashine huku boti ikisukumwa kwenye mwamba hana ufundi wowote.

Baada ya hapo, swali la kwanza ni moja: je, mlio wa mashine umepanda au umeshuka?

Ikiwa mlio umepanda lakini boti haiendi, kosa halimo ndani ya mashine. Limo kwenye rafadha, ambayo mafundi huiita propela. Huenda pini yake imekatika baada ya kugonga jiwe, au mpira ulio ndani yake umechoka na sasa unateleza. Pini hubadilishwa palepale, endapo ya akiba imo chomboni. Mpira uliochoka hautengenezeki baharini. Lakini ukienda polepole sana mara nyingi utashika, na boti itafika pwani.

Ikiwa mlio wenyewe umeshuka, tazama kwanza yale yaliyo rahisi. Nyavu, kamba na mifuko hujizungusha kwenye rafadha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki ya aina nyingine bado inaelea kwa wingi. Zima mashine kabisa, iinamishe, ndipo uondoe takataka kwa mkono. Tazama pia mzigo. Boti yenye maji mengi ya ngama, au iliyoota kome chini, huifanya mashine nzima kabisa ionekane mbovu.

Chanzo kinachoongoza ni mafuta, na hapa inafaa kueleza kwa urefu. Juu ya kifuniko cha tangi kuna tundu la hewa lenye skrubu. Likisahauliwa limefungwa, mashine huenda vizuri kwa dakika kadhaa, kisha hunyong'onyea, kwa sababu petroli haitoki mahali ambapo hewa haiingii. Bonyeza ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Ukiikuta imenywea kama chungwa lililofyonzwa, njia imeziba upande wa tangi: fungua tundu la hewa, kisha kagua kichujio. Ukiikuta laini, na kila unapoibonyeza mashine inapata nguvu kwa muda, basi hewa inaingia kwenye kiungo cha bomba, au pampu ya mashine yenyewe imechoka. Msaidizi anaweza kuendelea kubonyeza hadi pwani. Wengi wamerudi nyumbani kwa njia hiyo.

Maji ndani ya petroli hutambulika kwa kutia kiasi kidogo katika chupa nyeupe na kuiacha itulie: maji hukaa chini, petroli juu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haionekani hivyo, bali mashine hutoa moshi, hugonga na hukosa kasi. Uchanganyaji huo ulikuwa mwingi nchini, hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuondoa faida yake. Hata hivyo, petroli ya madumu ya kando ya barabara haina mdhamini.

Oili nayo ipimwe kwa chombo, si kwa jicho. Mashine nyingi za kuchanganya oili hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Kijitabu cha mashine husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Oili ikizidi, plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni huungua, na hilo ni gharama kubwa.

Mashine inayotetemeka na kukohoa huenda inafanya kazi kwa silinda moja tu. Zima, fungua plagi zote, uzilinganishe. Iliyolowa petroli ndiyo isiyochoma. Yenye rangi ya kahawia ni nzima. Plagi mbili za akiba na ufunguo wake viwekwe katika mfuko usioingiza maji. Sigara isiwashwe wakati huo wote.

Mwisho ni maji ya kupoza. Wakati mashine inafanya kazi, yapo maji membamba yanayotoka nyuma yake. Yakikatika, zima mara moja, hata kama mashine bado inakwenda. Ondoa plastiki kwenye matundu ya kuingizia maji, na zibua tundu la kutokea kwa waya mwembamba. Yasipotoka tena, impela imekwisha, na mashine isiwashwe. Hapo ni makasia, au kuita msaada kwa redio katika idhaa ya 16. Impela haidumu kwa mashine inayowashwa nchi kavu bila maji, wala kwa ile isiyooshwa kwa maji baridi baada ya safari.

Kwa boti za ofisi, nahodha aandike katika daftari la safari saa ambapo nguvu zilipungua, mlio ulivyokuwa, na mahali petroli iliponunuliwa. Fundi aoneshwe maandishi hayo kabla ya kufungua mashine.