Bao la mwisho la ligi iliyokufa

Machi 26, 2023, mjini Tempe, Arizona, jimbo la jangwa na jua kali, timu mbili za wanawake ziligombea Isobel Cup, kombe la ligi yao, juu ya barafu. Toronto Six ya Kanada na Minnesota Whitecaps ya Marekani zilikuwa sare ya 3-3, dakika 60 zimekwisha. Muda wa nyongeza katika hoki ya barafuni hauna huruma: atakayetangulia kufunga ndiye bingwa, kama lile bao la dhahabu ambalo mashabiki wa soka wa umri wangu bado wanalikumbuka. Aliyefunga ni Tereza Vanišová, Mcheki wa miaka 27. Kombe likaenda Toronto, na ikawa mara ya kwanza kwa klabu ya Kanada kulitwaa.

Mwisho wa Juni mwaka huohuo ligi yenyewe, Premier Hockey Federation, ikanunuliwa na matajiri waliotaka kuanzisha nyingine, kisha ikafungwa. Mikataba ya wachezaji ikafutwa. Wengine walikuwa wamekwisha kutia saini ya msimu uliokuwa unakuja, msimu ambao kila klabu iliruhusiwa kutumia hadi dola milioni 1.5 kwa mishahara. Kwa hiyo bao la Vanišová, lililopaswa kuwa la kumalizia fainali tu, likabaki kuwa bao la mwisho la ligi nzima. Mfungaji bora wa siku ile na mchezaji aliyekaa benchi wakajikuta sawasawa: hawana timu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndani yake umo mkasa mzima wa mchezaji wa aina ya Vanišová. Makombe yapo na medali zipo. Kinachokosekana ni mahali pa kukaa.

Vanišová alizaliwa Januari 1996 huko Strakonice, kusini mwa Bohemia. Mji huo mdogo viwanda vyake vilishona tarbushi zilizovaliwa katika nchi za Kiislamu, na baadaye ukatengeneza pikipiki za ČZ. Akiwa na miaka miwili, nchi yake ilipatwa na wazimu wa furaha: wanaume wa Cheki, wakiwa na Jaromír Jágr mbele na Dominik Hašek golini, walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Nagano 1998. Wacheki wanaizungumzia hadi leo. Kisichozungumzwa sana ni kwamba Nagano hiyohiyo ndiyo Olimpiki ya kwanza kuchezesha hoki ya wanawake, na Cheki haikuwamo. Wanawake wake walisubiri miaka 24. Taifa linalojiita la hoki lilikuwa limeandaa nusu tu ya taifa.

Kwa msichana mwenye kipaji, basi, njia ilikuwa kuondoka. Vanišová alivuka Atlantiki akasoma Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, ambako mchezo na masomo vinakwenda pamoja, kisha mwaka 2020 akajiunga na Boston Pride. Msimu wake wa kwanza, ule wa janga la korona, ulimalizika Machi 2021 kwa ubingwa, na waliofungwa katika fainali ni Whitecaps haohao, kwa 4-3 ileile. Miaka miwili baadaye akawarudia Tempe. Nadhani mashabiki wa Minnesota wana haki ya kutompenda.

Kati ya fainali hizo mbili, Cheki hatimaye ilifika Olimpiki, Beijing 2022. Iliwafunga wenyeji China 3-1, na Sweden 3-1, ikafika robo fainali dhidi ya Marekani. Mechi hiyo ni ya kuhadithiwa. Wamarekani walipiga mashuti 59, Wacheki sita. Sita! Hata hivyo waliotangulia kufunga ni Wacheki, kupitia Michaela Pejzlová, na kwa muda mfupi dunia ya hoki ilishika pumzi. Mlinda mlango Klára Peslarová aliokoa mara 55. Wakafungwa 4-1, lakini nani angewacheka?

Mwaka huohuo timu ikakabidhiwa kwa Carla MacLeod, Mkanada mwenye dhahabu mbili za Olimpiki kama mchezaji. Miezi michache baadaye, kwenye Mashindano ya Dunia nchini Denmark, Cheki ikaipiga Uswisi 4-2 na kupata shaba, medali yake ya kwanza. Mwaka 2023 huko Brampton, Kanada, ikaipiga tena, 3-2. Vanišová alikuwamo mara zote mbili. Winga mwenye kasi, anayependa kugongana, na anayekwenda benchi la adhabu mara nyingi kuliko kocha anavyotamani.

Ligi mpya ya wale matajiri, PWHL, ilianza Januari 1, 2024 ikiwa na timu sita. Safari hii kulikuwa na mkataba wa pamoja na chama cha wachezaji: mshahara wa chini dola 35,000 kwa msimu, na angalau wachezaji sita katika kila timu kulipwa dola 80,000 au zaidi. Ni fedha ndogo ukilinganisha na wanaume, lakini zimeandikwa na zinalipwa. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo ilikuwa na uzito kuliko medali zote mbili za shaba.

Uhakika wa mshahara, hata hivyo, si uhakika wa makazi. Vanišová alianza Montréal. Machi 2024, kabla hata msimu wa kwanza haujaisha, akabadilishwa na beki Amanda Boulier, akapelekwa Ottawa. Katika biashara hiyo mchezaji haulizwi. Anapigiwa simu, anafunga mizigo. Bahati yake, Ottawa ilikuwa karibu kuwa kambi ya Wacheki: kocha alikuwa MacLeod yuleyule, na ndani walikuwamo Kateřina Mrázová na nahodha wa taifa, Aneta Tejralová. Msimu wa pili akapachika mabao 15 katika mechi 30, akiwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi.

Aprili 2025 Mashindano ya Dunia ya wanawake yakafika Cheki kwa mara ya kwanza, tena České Budějovice, karibu saa moja kwa gari kutoka Strakonice. Jumla ya watazamaji ilipita 120,000, rekodi ya mashindano hayo. Wenyeji walipoteza mechi ya shaba kwa Finland, 4-3, muda wa nyongeza.

Mwezi uliofuata Ottawa ikaingia fainali ya PWHL na Minnesota Frost. Mechi nne, zote zikaisha 2-1, zote kwa muda wa nyongeza, na tatu kati yake zikaenda Minnesota. Jimbo lile likawa limelipwa deni lake. Siku kama 14 baadaye ligi ikagawa wachezaji kwa klabu mbili mpya, Seattle na Vancouver, kisha Vanišová akajiunga na Vancouver, ng'ambo ya pili ya bara: klabu yake ya tano Amerika Kaskazini tangu 2020.