Land Rover ya zamani kuvuka Namanga: angalia namba ya chasisi kabla ya bei

Biashara ya magari ya zamani kati ya Kenya na Tanzania haina makelele kama ile ya magari yanayoshushwa bandarini kutoka Japani. Hata hivyo ipo, na Land Rover za Series ndizo mfano mzuri wa kuieleza. Series I ilitoka mwaka 1948, Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bado zinatembea, na mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima kwa ajili ya Land Rover.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua mfanyabiashara ni kwamba mlango wa mpaka huu haufunguki sawasawa pande zote mbili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda nayo, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, imefunga magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Tanzania haijaweka katazo la namna hiyo, ila gari kuukuu hutozwa nyongeza ya ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo gari la 1972 linaweza kutoka Nairobi likauzwa Moshi, mradi kodi ilipwe. Kulitoa Moshi likauzwe Nairobi ni habari nyingine kabisa, na anayekuambia "tutaongea nao pale getini" anakutafutia hasara.

Kutembelea si sawa na kuingiza. Gari linalokwenda kwenye maonyesho au mashindano na kurudi huingia kwa muda tu. Mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yasingewezekana bila utaratibu huo. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu uingizaji wa muda usiozidi miezi 12. Wanaosafiri nchi nyingi hutumia kitabu kinachoitwa Carnet de Passages en Douane, ambacho hutolewa na vyama vya wenye magari baada ya mwenye gari kuweka dhamana. Kila ukurasa una sehemu ya kuingia na sehemu ya kutoka. Ukisahau muhuri wa kutoka, forodha itahesabu kwamba gari limebaki nchini, na dhamana yako itaanza kudaiwa. Kwa bima, Kadi ya Njano ya COMESA inakubalika Kenya, Uganda na pia Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Wasafirishaji nao wana swali lao: gari hili linaendeshwa au linabebwa? Likivuka kwa magurudumu yake, dereva huonyesha kadi ya gari na kuomba kibali. Likipakiwa juu ya lori, limekuwa mzigo, nalo huhitaji wakala wa forodha na tamko kama shehena nyingine yoyote. Wengine huona kubeba ni salama zaidi kwa gari bovu, na ni kweli kwa upande wa injini. Kwa upande wa makaratasi, kazi huongezeka.

Sasa tuje kwenye chasisi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Bodi ya Land Rover hizi ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati la kawaida. Chasisi ni chuma, na hiyo huoza. Ndiyo maana utakuta gari lenye sura nzuri limekalia chasisi ya gari jingine. Kwenye Series II na III namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Pangusa grisi, kwangua rangi taratibu, usome kwa macho yako, kisha linganisha na logibuku. Kibao kilichomo ndani ya kebini hakitoshi, kwani kinafunguliwa kwa bisibisi. Namba zisipofanana, afisa ana haki ya kulizuia gari, na mnunuzi wako hawezi kulisajili hata kama umelipa kila senti.

Injini pia. Nyingi zimetolewa ya petroli ya lita 2.25 ikawekwa dizeli ya Kijapani. Si kosa, ila badiliko hilo liandikwe kwenye usajili kabla ya kusafiri.

Asiye na mtaji wa gari aangalie vifaa. Turubai lililoshonwa vizuri, viti vya ngozi, keria za kuchomelea kama zile za mafundi wa Kamukunji, vyote hivyo wenye magari haya huvitafuta. Faida yake ni kwamba kitu kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya kikitimiza masharti ya uasilia hakitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti rahisi cha uasilia hutolewa hapo hapo mpakani. Spea ya Uingereza iliyokaa dukani Nairobi miaka 20 haipati nafuu hiyo. Kukaa kwake Kenya hakuifanyi kuwa ya Kenya, kwa hiyo itenge kwenye tamko lake, usiichanganye na maturubai.