Picha Nayo ni Mlinzi wa Urithi

NENGO, Gisenyi — Kutoka hapa Nengo, kando ya Ziwa Kivu, mpaka wa Goma hauko mbali. Askari anayekagua mizigo mpakani amefundishwa kutambua silaha, dawa za kulevya na magendo. Je, akikuta sanamu ya kale ndani ya gunia, atajuaje kama ni bidhaa ya sokoni au mali iliyoibwa?

Swali hilo ndilo linalotufanya sisi wanajeshi na polisi tuyatazame kwa makini mambo yanayojadiliwa na wanafunzi wa shahada za juu wa historia ya sanaa katika mikutano yao: namna ya kuhifadhi picha na kumbukumbu za sanaa kwa njia ya dijitali, ili kila mwenye haja azifikie.

Ushahidi wa faida yake tunao katika pwani ya Kenya. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mmijikenda, akiwa mbele ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka ndugu zake marehemu. Haukupita muda mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika huko Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote vilikuwa vimerejeshwa Kenya. Mzee Mwakiru alikuwa amekwisha kufariki.

Tuzingatie kwamba bila ile picha ya mwaka 1985, familia isingekuwa na ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, ilichukua miaka 14 na bahati ya watafiti wawili kukutana. Ulinzi hauwezi kutegemea bahati.

Leo nyenzo zipo. Mwezi Mei 2021 Interpol ilitoa programu ya simu iitwayo ID-Art, ambayo humwezesha askari kulinganisha kitu alichokikuta na orodha ya kazi za sanaa zaidi ya 50,000 zilizoibwa. Mwaka huohuo Ubelgiji iliikabidhi Rwanda nakala za dijitali za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wa Kinyarwanda zilizokuwa zimehifadhiwa Tervuren. Ni hatua njema, lakini nakala haichukui nafasi ya kitu chenyewe. Tena si kila kitu kitakatifu kinafaa kuanikwa mbele ya ulimwengu. Wenyewe hawana budi kuulizwa kwanza.

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unayataka majeshi yaheshimu mali ya utamaduni hata vitani. Wajibu huo huanza na kazi ndogo. Ukitilia shaka kitu, kipige picha mbele na nyuma, kipime, andika alama zake, tarehe na mahali kilipopatikana. Usikisafishe wala kukikarabati. Kisha toa taarifa kwa mkuu wako.

Mwizi wa urithi hutegemea usahaulifu wetu. Kumbukumbu iliyotunzwa vizuri humnyima maficho.